Mtekenyo wa Dresa

Mjimwema kulikuwa na nyumba moja ambamo maumivu ya watu yalizungushwa kwa hendeli mpaka yakapungua, na mtu pekee ambaye yake hayakupungua alikuwa mwenye nyumba. Sababu yake hata mtoto angeielewa. Mashine ile ilitaka watu wawili. Mmoja anakaa kitini na kushika vishikio vya shaba, kimoja mkono huu, kingine mkono huu. Wa pili anazungusha. Huwezi kuwa wote wawili. Mimi, ambaye kichwa changu hakikosi mipango, niliwahi kumletea shauri la kuizungusha kwa mguu, kisha kwa kamba, kisha kwa mbuzi anayezunguka kigingi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, halafu akauliza, “Na huyo mbuzi atajuaje wakati wa kuniachia?”

Alipokuwa na mke, mke alizungusha. Mke alipofariki, hendeli ile ilizungushwa kwa ajili ya kila mtu, isipokuwa yeye. Nilitaka sana kumzungushia. Sijui kama niliwahi kutaka kitu kidogo hivyo kwa nguvu hivyo, na mimi ni mtu wa kutaka mengi: hoteli yangu mwenyewe ya chai yenye mapazia, barabara ya Makambako, madereva wakishindana kusifu maandazi. Lakini hilo lilikuwa mbele. Jambo la Dresa lilikuwa pale pale nje ya mlango wetu kila asubuhi.

Watu wote walimwita mwenye nyumba huyo Dresa, ingawa alikuwa amekwisha kustaafu. Kazi ya kufunga vidonda na kuchoma sindano aliiacha dispensari pamoja na koti jeupe, jina likamfuata nyumbani. Mimi peke yangu nilimwita Babu. Hakuwa wa ukoo wetu. Sisi ni watu wa Uwemba, Wakatoliki, tuliohamia Mjimwema baba alipopata kazi ya kumenya magome ya miti ya miwati. Yeye alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele. Ila uani kwake na uani kwetu palitenganishwa na ua wa mianzi tu, na ua ule ulikuwa na pengo ambalo kila mwaka baba alisema ataliziba. Aliniita mchumba, kama mababu wanavyowaita wajukuu zao wa kike. Akiniona nimejitwika mtungi, alisema hakukosea kuchumbia.

Mama alipokwenda kuzungushiwa magoti, Dresa alimwambia kwamba watu wa Uwemba wanapiga magoti kuliko Mungu alivyoagiza. Mama akajibu kwamba Walutheri hawaumwi magoti, wanaumwa koo kwa zile nyimbo zao zisizokwisha. Dresa akazungusha kwa kasi kidogo kumlipizia, mama akapiga yowe, na wote wawili wakacheka hadi hendeli ikasimama.

Mashine yenyewe aliachiwa na Mzungu mmoja mzee wa mashamba ya miwati. Dresa alikuwa akimfunga mguu, na Mzungu aliporudi kwao akaona heri sanduku libaki na mtu atakayelitunza. Lilikuwa sanduku la mbao nyekundu, la kubebeka kwapani. Ukifunua kifuniko unaona sumaku kubwa iliyopinda kama kwato, mbele yake vibiringo viwili vilivyoviringishwa waya mwembamba uliovikwa hariri ya kijani, gurudumu, ukanda wa ngozi, na hendeli inayotokeza ubavuni. Hakuna kingine. Ukizungusha polepole, mikono ya aliyeshika inawashwa kama mkono uliolaliwa usiku, damu ndiyo inarudi. Ukizidisha, vidole vinafunga vyenyewe juu ya shaba, na hata ukitaka kuachia huwezi. Anayezungusha ndiye mwenye kukuachia.

Mzungu aliliita mashine ya umeme, na Dresa akalileta nyumbani na jina hilo hilo. Hapo ndipo alipokosea. Labda huko pwani mtu akisikia umeme anafikiri taa. Sisi taa zetu ni za mafuta, na umeme tunaoujua ni ule unaopasua mawingu miezi ya mvua, unaochagua mti, ng'ombe, na mwaka mwingine mtu. Tena wapo wanaosema hauji wenyewe, hutumwa. Basi habari ikatembea kutoka jiko hadi jiko mpaka ikafika kijiji cha Yakobi: Dresa wa Mjimwema amefuga umeme, unalala ndani ya sanduku, na kuulisha anaulisha chumvi. Hiyo ya chumvi ilikuwa kweli kidogo, maana kabla ya kushika vishikio ulichovya mikono kwenye maji ya chumvi.

Mvua za mwaka huo radi ikapiga ng'ombe wa mtu wa Yakobi. Jumbe akaja na wazee wenzake, kwa heshima zote. Wakasema kamwene, wakaitikiwa, wakaulizana habari za mahindi na za watoto, ndipo Jumbe akaomba amwone huyo mnyama. Dresa akafungua sanduku na kuanza kueleza kwamba ni sumaku na waya tu. Jumbe akasema kama ni waya tu, yeye atashika. Akachovya mikono, akashika. Kwa kuwa Dresa bado alikuwa anaeleza, mke wake, ambaye mimi nilimwita Bibi, akakaa kwenye hendeli akazungusha. Jumbe akatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Walioshuhudia wanasema hakupiga kelele hata kidogo. Alimgeukia Bibi, akasema kwa adabu kubwa, “Mama, naomba mikono yangu.”

Neno hilo lilibaki Mjimwema. Mpaka leo ukiazima jembe la mtu ukakawia kulirudisha, atakuja mlangoni kwako kuomba mikono yake.

Hukumu ya Jumbe ilikuwa ya mtu aliyeogopa lakini ambaye bega lake lililokuwa likimuuma limepata nafuu. Sanduku libaki, ila miezi ya mvua lisifunguliwe kwa mtu wa nje. Dresa akakubali. Kuanzia siku hiyo akalibadilisha jina, akaliita mtekenyo, na mtu akisema umeme mbele yake alijifanya hakusikia. Mtekenyo likashika, watoto wakalipenda, lakini lilikuwa limechelewa. Mvua ikianza, watu waliacha kwenda kwa mashine, halafu wakaacha kwenda kabisa, kwani nani apite karibu na nyumba ile mawingu yamefunga? Na wewe unaijua baridi yetu ikichanganyika na unyevu. Ndiyo miezi ambayo viungo vinauma hasa. Basi miezi ambayo angefaa zaidi ndiyo aliyokaa barazani akiangalia njia inayotiririka maji, bila mtu juu yake.

Wakati wa Bibi walikuwa angalau wawili. Kupitia pengo la mianzi tulisikia gurudumu likilia polepole, na Bibi akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, ubeti kwa ubeti. Ubeti ukiisha gurudumu linasimama, anapumzika, kisha ubeti mwingine. Alimzungushia viwiko, mabega, na vifundo vya mikono vilivyoanza kuvimba. Kisha tulisikia vikombe.

Kuhusu kuitunza mashine ile ningeweza kuandika mpaka karatasi iishe, kwa sababu alinifundisha yote, na mimi mambo niliyofundishwa darasani mpaka la nne yamenitoka lakini haya hayajanitoka. Alisema maadui zake ni ukungu na moto. Ukungu unaingia kwenye hariri ya waya na kuilegeza. Moto unaiibia sumaku nguvu. Kwa hiyo hukuweza kuiweka mbali na jiko, wala karibu na jiko. Aliijengea rafu katikati ya ukuta, mahali ambapo paka hupenda kulala, na akaifunika blanketi. Blanketi la mashine lilikuwa jipya kuliko lake. Ndani ya sanduku aliweka kifuko cha mkaa cha kunywa unyevu, na jua likitoka aliutoa mkaa na kuuanika, na sanduku lenyewe akaliweka kwenye kigoda uani, kifuniko wazi, yeye kando yake na kijiti cha kufukuza kuku. Ukipita ungedhani anaota jua na mgonjwa wake.

Vishikio vya shaba vikitumika lazima vikaushwe pale pale, la sivyo chumvi inaota kutu ya kijani. Kutu ikishaota unasugua kwa majivu na limao. Malimao yakikosekana, nayo kwetu huja na malori kutoka bonde la joto, unatumia maziwa yaliyoganda. Mafuta ni ya cherehani, tone moja, kwa ncha ya unyoya wa kuku. Nilipotia mawili alinipa kitambaa nipanguse yote nianze upya. Ukanda wa ngozi ulipakwa mafuta ya kondoo. Na mwisho kabisa, kabla ya kufunga, unaweka kipande cha chuma katika midomo ya sumaku, kiunganishe upande huu na huu. Hilo alilisisitiza kuliko yote.

“Sumaku haikai mikono mitupu,” alisema. “Ukiiacha hivi hivi, nguvu inaitoka kidogo kidogo, na wewe hutajua siku ilipotoka.”

Alisema hayo akipangusa sumaku, na alikuwa anaongea habari za sumaku tu.

Alikuwa mtu wa ajabu katika mambo yake. Aliwafokea waliochelewa, hata siku ambayo hakuwa na mwingine wa kumngoja. Alihubiri kwamba pombe ya ulanzi inaharibu maini, na nyuma ya mlango alikuwa na kibuyu chake, cha kulainishia ukanda wa mashine, alisema, ingawa ukanda ule sikuuona ukilewa. Alikuwa amechoma sindano wilaya nzima, wanawake, watoto, polisi, lakini yeye alipopata jipu alijifungia ndani dresa mpya alipokuja. Bibi alimtoa kwa kumwambia kwamba aliyekuja ni mchungaji.

Na alichukia asante. Ukimshukuru alikunja uso kama umemtukana, akasema bado. Maana kwa Dresa kulikuwa na sehemu ya mwisho ya matibabu, iliyoitwa kupoza mikono. Ukimaliza kuzungushiwa huruhusiwi kutoka. Mikono ina joto la mtekenyo, ukitoka nayo kwenye upepo itakuuma mara mbili. Unakaa, Bibi analeta chai au uji wa ulezi, mnaongea. Anakuuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mjomba wako wa Uwemba, za mtoto aliyekuwa na kikohozi. Kila baada ya muda anakugusa kiganja kwa nyuma ya mkono wake, anatikisa kichwa, anasema bado. Watu wa Mjimwema waliiheshimu sana kupoza mikono. Hakuna aliyethubutu kutoka ikiwa bado ina moto. Jumbe mwenyewe alikaa mpaka giza likaingia.

Siku moja nikimsaidia Bibi kupukuchua maharage nilimwuliza kwa nini mikono yangu haipoi upesi kama ya mama. Bibi akacheka hadi akafuta macho kwa khanga.

“Mjukuu wangu, ile siyo dawa. Ameitunga mwenyewe.”

Akanieleza kwamba zamani, mashine ilipokuwa mpya, mtu alipata nafuu, akasema asante, akaondoka, na mwingine vivyo hivyo. Mzee akaona kuponya watu ni kuwafukuza. Watoto wao wengine walikwenda mapema makaburini, na binti aliyebaki ameolewa Makambako. Ndipo akagundua ugonjwa wa mikono ya moto. Nilimwuliza Bibi kwa nini asiwaambie watu tu wakae. Akapepeta maharage kwanza.

“Angewaambia wakae,” alisema, “wangemwuliza kuna shida gani.”

Nililibeba hilo kama yai. Hata mama sikumwambia.

Bibi alifariki mvua zilipokuwa zimekaza, kwa homa ya kifua. Watu walikuja wote, umeme au si umeme, hilo nitawasifia daima. Walutheri waliimba, sisi tukapiga magoti, kuni zikaletwa, mahindi yakasagwa. Siku ya kuanua tanga, watu walipoanza kusimama na kukung'uta nguo, wakimpa mkono mmoja mmoja, Dresa alisimama mlangoni. Alisema, “Kaeni kwanza, mikono ipoe.”

Hakuna aliyekuwa amezungushiwa kitu. Watu wakatazamana, mmoja alinong'ona kwamba msiba umemgeuza kichwa. Mama alikuwa ameshajifunga mtoto mgongoni. Alimfungua, akakaa chini. Baba akakaa. Mimi nilikwenda kuchochea moto ili niwe na pa kuficha uso. Wengine wakakaa pia, mmoja mmoja, na tuliongea habari za mvua mpaka birika likaisha.

Baada ya hapo nikaanza kumwomba. Nilikuwa najua kuzungusha. Alishanifundisha kwa kumzungushia mama. Lakini kila mara alikuwa na jibu. Mkono wangu mwepesi mno. Mkono wangu mzito mno. Leo ni Jumapili. Mchumba hazungushi, anayezungusha ni mke, basi tungoje ndoa. Na padre wangu na mchungaji wake wataipigania ndoa hiyo mpaka yeye azeeke. Nilimwambia ameshazeeka. Akasema ndiyo maana hana haraka.

Nilicheka, kwa sababu mimi hucheka. Lakini kila asubuhi alikuja kwenye pengo la mianzi ili nimfungie vifungo vya koti, maana vidole vilikuwa vimeanza kupinda na tundu la kifungo lilikuwa mbali kuliko Songea. Alisimama kama mtoto, kidevu juu, akitazama mlima. Kisha alikwenda kuwazungushia wengine kwa vidole hivyo hivyo. Waliokuja walikuwa wanapungua, hata kiangazi. Chai sasa aliipika mwenyewe, nyepesi, na mikono ya watu ilipoa upesi.

Mama hakuniruhusu kwenda kwake wakati wa mvua. Nilikuwa namsalimia kupitia mianzi, naye ananiuliza kama bado ninaota mapazia. Niliwaza: mtu anaweza kuwa na dawa rafuni kwake, imepanguswa, imetiwa mafuta, imefunikwa blanketi, na akalala na maumivu yake pembeni yake. Niliwaza hivyo nikachoka, nikaenda kuwaza mapazia.

Kilichomwondoa Mjimwema ni bati. Dhoruba ilipeperusha bati moja upande wa rafu, maji yakaingia. Asubuhi baba alimkuta amekaa uani chini ya mchongoma, amelowa mpaka mifupa, amelifunika sanduku kwa blanketi lake na kwa koti lake na kwa mwili wake. Aliteleza akilitoa, nyonga ikagoma, akashindwa kuinuka. Sanduku lilikuwa kavu kabisa. Baba na wenzake wakambeba ndani. Binti yake akapelekewa habari na dereva wa lori, akaja, mwanamke mpole, akalia, akafungasha. Dresa aliondoka amekaa mbele na dereva, sanduku mapajani. Tuliokuja kumuaga hatukuwa wengi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nilikaa muda mrefu nikifikiri kwenda kumwona. Kiangazi kilichofuata shangazi yangu anayeuza vitumbua Makambako aliniita niende nikamsaidie kwa siku ya mnada, na mimi nikaona hapo ndipo hoteli yangu inapoanzia. Nilipanda lori la pareto, juu ya magunia, nikipiga chafya njia nzima. Dereva alisema lori linageuka jioni ile ile, akipiga honi anayetaka kurudi awe amesimama barabarani, kwani lingine litapatikana juma lijalo au lisipatikane.

Makambako ni upepo. Kwetu kuna milima ya kuukinga. Pale upepo unatoka kokote unakotaka, umebeba vumbi, na malori yanapita kwenda Iringa na Mbeya bila kukutazama. Nilipomaliza vitumbua vya shangazi nikauliza kwa Dresa. Hakuna aliyemjua. Nikauliza mzee anayezungusha mtekenyo. Wakanicheka. Mwishowe mama mmoja muuza nyanya akasema, “Au yule mgeni wa kwa nyapara?” Mkwewe Dresa ni nyapara wa watu wa barabara. Nikaelekezwa.

Sitamsema vibaya binti yake. Nyumba ilikuwa safi, yeye alinipokea kwa mikono miwili, akanipa ugali na kuku. Alikuwa na watoto wadogo wengi na mume anayerudi amechoka. Alinieleza mwenyewe, kwa aibu kidogo, kwamba sanduku la baba liko kwenye ghala la mahindi. Mume wake anaheshimu mzee, lakini alisikia habari za Yakobi, na kuna watoto ndani. Umeme ni umeme. Nilimwuliza kama mzee anaumwa. Alisema hasemi.

Alikuwa amekaa chumba cha nyuma, kwenye kigoda karibu na dirisha linalotazama barabara. Alikuwa amepungua. Mikono ilikuwa juu ya magoti, viganja juu, vidole vimekunjwa kama mtu anayebeba maji. Niliposema kamwene, aliitika kabla hajaniona, na alipoona ni mimi hakuniita mchumba. Alisema, “Umekuja na nani?” Nilisema nimekuja peke yangu. Akatikisa kichwa taratibu, kama nimemletea habari ya mtu anayemfahamu.

Tulikaa. Nilimpa habari za Mjimwema zote nilizokuwa nazo, na nyingine nikaongeza kidogo ili ziwe ndefu. Kisha, kwa kuwa sikuweza kukaa bila kufanya kitu, nilikwenda ghalani nikaleta sanduku. Panya walikuwa wametafuna ncha ya blanketi, lakini mbao hazikuguswa. Nilifunua. Chuma kilikuwa mahali pake katika midomo ya sumaku. Vishikio vilikuwa vya kijani. Niliomba majivu, binti akaleta na maziwa ya mgando, nikasugua mpaka shaba ikaanza kung'aa dirishani. Mafuta nilitia kwa unyoya, tone moja. Dresa alitazama kila kitu na hakusahihisha neno. Hilo liliniumiza kuliko angefoka.

Sikumwomba. Naapa nilikuwa nimeamua kutomwomba tena. Nilitaka tu kuirudisha ghalani ikiwa safi. Nilikuwa nimeshika kifuniko aliposema.

“Mvua iko mbali?”

“Mbali, Babu. Ni kiangazi.”

“Basi tia chumvi kwenye maji.”

Nilileta bakuli. Alichovya mikono yote miwili, akaiacha humo muda mrefu, akiitazama. Nikamkausha kidogo, nikamshikisha vishikio, nikavifunga vidole vyake kimoja kimoja juu ya shaba kwa sababu havikuweza kujifunga. Nilipokaa kwenye hendeli alinizuia.

“Nipe mgongo,” alisema. “Uso wangu ukishikwa siyo wangu. Aliuzoea bibi yako tu.”

“Nisipokuona nitajuaje wakati wa kuacha?”

“Utachoka. Ukichoka utaacha.”

Nikageuka nikatazama dirishani, sanduku likiwa kwenye kigoda kingine ubavuni mwangu, mkono wangu wa kulia nyuma kidogo kwenye hendeli. Nilianza polepole. Gurudumu lililia mara ya kwanza, kisha likanyamaza. Nyuma yangu nilisikia pumzi ikikatika, na kitu kama mlio mdogo, na nikakaza macho barabarani, kwenye lori la pareto lililokuwa linapakia abiria. Nilitaka kuimba, lakini nyimbo zao sizijui.

Baadaye akaanza kuongea. Aliongea Kibena, kwa sauti ya kawaida ya mtu aliye mezani, na hakuwa anaongea na mimi. Alisema maharage ya hapa wanayapika mpaka yanapoteza ngozi. Alisema watoto ni wazuri, ila wanaamka mapema mno na hawana la kumwuliza. Alisema upepo wa hapa hauna mahali pa kulala. Alitaja kipande cha shamba walichokuwa wakilima na Bibi bondeni Mjimwema, akasema hajui nani amekilima mwaka huu. Kila baada ya maneno machache alinyamaza kidogo, kama tunavyonyamaza sote kumpisha mwenzetu ajibu. Mara ya kwanza nilidhani ananingoja mimi, nikafumbua mdomo. Kisha akasema, “Ee, kweli,” akaendelea.

Nje dereva alipiga honi. Abiria walikimbia wakishika nguo zao kwenye upepo. Alipiga tena, ndefu, akasimama juu ya ngazi ya lori akatazama huku na huku. Bega langu lilikuwa linawaka moto na vidole vya mkono wa kulia havikuwa na hisia tena. Nyuma yangu Dresa alikuwa anaeleza habari ya bati, jinsi lilivyoondoka, jinsi sanduku lilivyobaki kavu. Nikapitisha mkono wa kushoto mbele ya tumbo, nikaidaka hendeli kabla gurudumu halijasimama, nikaendelea kuzungusha.